Morrowind, Planescape: Torment, Disco Elysium au Tyranny: uanze na dunia ipi?

Kama mpira na wizi wa magari vimeshakuchosha, na una laptop ya mtumba ambayo bado inajikongoja, ipo aina ya gemu ambayo vibanda vya PS hapa Mtwara havitakuonyesha: gemu za kuigiza za kompyuta. Humo unaingia kama mtu mmoja ndani ya nchi isiyokuwepo, yenye wafalme wake, dini zake, pesa yake na ugomvi wake wa miaka mia tatu. Vibanda havina gemu hizi kwa sababu inayoeleweka, maana hakuna atakayelipia nusu saa aitumie yote kusoma. Ni gemu za nyumbani, za usiku, ukiwa peke yako au na mtu mmoja pembeni anayekuuliza kila baada ya dakika mbili, "Sasa huyu naye ni nani?"

Swali la huyo wa pembeni ndilo linalowatesa watengenezaji. Aliyebuni dunia ana habari za kujaza kabati zima, na wewe unayeanza hujui hata pesa ya pale inaitwaje. Akikumwagia yote mwanzoni utasinzia. Akikunyima utapotea, utazima na kurudi kwenye mpira. Gemu nne nilizozichagua zimelijibu tatizo hilo kwa njia nne zilizo mbalimbali kabisa: Planescape: Torment ya Black Isle (1999), Morrowind ya Bethesda (2002), Tyranny ya Obsidian (2016) na Disco Elysium ya ZA/UM (2019). Picha sitazilinganisha, na mapigano nitayagusa tu pale yanapoharibu hadithi. Kipimo changu ni kimoja: gemu iliponieleza jambo, nilikuwa nimeshalihitaji? Na nilipolijua, kuna nilichoweza kufanya ambacho kabla sikukiweza?

Saa ya kwanza

Morrowind inakuanzisha ndani ya meli, mfungwa unayeamshwa na mfungwa mwenzio. Unapandishwa bandarini kwenye kijiji cha Seyda Neen, askari anakuuliza unatokea wapi, kisha unaingizwa ofisi ya sensa na ushuru. Karani mzee anauliza ulikuwa unafanya kazi gani na ulizaliwa chini ya nyota gani, anakuandikia karatasi, unapita chumba cha pili, unakabidhiwa kifurushi cha kumpelekea mtu mji wa Balmora. Basi. Unafungua mlango na uko nje. Kwa juu utadhani hukuambiwa kitu, kumbe umeshaambiwa jambo kubwa kuliko yote: hii ni nchi inayotawaliwa na dola ya mbali, dola ya makaratasi, na wewe umeachiwa kwa amri ya mtu ambaye hujamwona. Yeyote aliyewahi kuzungushwa na faili kutoka dirisha hadi dirisha anaifahamu serikali hiyo kabla haijajitambulisha.

Planescape: Torment inakuamsha juu ya meza ya nyumba ya maiti. Hukumbuki jina. Fuvu linaloelea hewani, lenye mdomo mchafu, linakuja kukusalimia na kukusomea maandishi yaliyochanjwa mgongoni mwako, maagizo uliyojiandikia mwenyewe kabla hujasahau. Sijaona mwanzo mwingine unaotoa maelezo kwa ujanja kiasi hicho: habari iko kwenye mwili wako, umeiandika wewe, na huwezi kuisoma bila msaada wa mtu ambaye huna hakika kama umwamini.

Disco Elysium nayo inaanza na mtu aliyesahau. Gizani sauti ya kale ndani ya ubongo wako inakushawishi usiamke. Ukiamka, uko kwenye chumba cha hosteli kilichovunjwavunjwa, nusu uchi, na tai yako inazunguka kwenye feni ya darini. Itakuchukua muda kugundua kwamba wewe ni askari wa upelelezi, umeletwa kuchunguza maiti inayoning'inia kwenye mti nyuma ya jengo hilohilo. Na angalia ile taa ya chumbani: ukiwa umeunda mhusika mwenye afya dhaifu, kuiwasha tu kunaweza kukuua.

Tyranny haina mtu aliyesahau, na ndiyo iliyonishangaza. Kabla hadithi haijaanza unawekewa ramani ya vita. Miaka mitatu ya kuiteka nchi iitwayo Tiers inapita mbele yako kwa maswali mafupi: mji huu ulishughulikiwaje, ulisimama na jeshi lipi kati ya mawili yanayochukiana, amri ya mtawala mkuu Kyros uliisimamia kwa ukali gani. Wewe ni ofisa wa mahakama ya huyo Kyros, na Kyros ndiye mwovu aliyekwisha kushinda. Ukimaliza maswali, gemu inaanza na watu wanakukumbuka. Mmoja anakupigia saluti kwa ulilofanya mwaka wa pili, mwingine anatema mate. Mbele huko utaingia kwenye maktaba ambayo bado inaungua kwa amri ya vita ileile. Umesoma historia ya nchi huku ukidhani unachagua majibu, na historia hiyo ina jina lako ndani.

Kwa saa ya kwanza peke yake ningeipa Tyranny ushindi. Tatizo lake linakuja baadaye.

Anayeuliza awe na sababu

Hapa ndipo gemu nyingi za aina hii huanguka. Mhusika wako amezaliwa kijijini, amekulia hapo, halafu anamuuliza jirani yake mfalme wao ni nani. Jirani naye, bila kushangaa, anamhadithia nasaba nzima. Mchezaji anapata habari lakini nchi inakufa, kwa sababu watu wa kweli hawaelezani wanachokijua wote.

Kumfanya mhusika asahau ni dawa ya kale na wengi huidharau. Mimi naona inategemea kusahau kwenyewe kuna gharama gani. Ndani ya Planescape kusahau ndiyo kesi yenyewe. Umeishi maisha mengi, huwezi kufa ukafia mbali, na kila ukizinduka hukumbuki uliyemtendea ubaya. Kwa hiyo habari yoyote ya mji ule wa Sigil inaweza kuwa habari yako. Kumbukumbu inaporudi unapewa pointi za uzoefu kama vile umeua adui, na mara nyingi ni nyingi kuliko za kuua adui. Dak'kon, msafiri mwenzako, anabeba jiwe la duara lenye mafundisho ya watu wake. Ukikaa naye ukayasoma fungu kwa fungu, ukaeleza ulichokielewa, mnapata nguvu mpya, na ukielewa vizuri kuliko alivyoelewa yeye, utayumbisha imani yake. Dini ya watu wa kubuni imegeuka kuwa kitu unachofanyia kazi.

Sigil ni mji ambao nafasi yoyote yenye umbo la mlango inaweza kuwa njia ya kwenda dunia nyingine, ukiwa na ufunguo wake, na ufunguo unaweza kuwa chochote, hata wimbo. Gemu ingeweza kukuandikia hilo kwenye ubao. Badala yake mtaani unakutana na mwanamke aliyechakaa ambaye kwa miaka mingi hajakanyaga ndani ya nyumba yoyote. Alipita mahali bila kujua kuwa ni mlango, akatupwa mbali na kwao, na tangu hapo kila mlango unamtetemesha. Ukimaliza kuongea naye kanuni ya mji umeielewa, na wewe mwenyewe utaanza kuitazama milango kwa jicho jingine.

Disco Elysium inatoza gharama ya namna nyingine: aibu. Unaruhusiwa kuuliza lolote, hata pesa ni nini na tuko nchi gani, lakini unauliza mbele ya mwenzio Kim Kitsuragi, askari makini anayeandika kila kitu kwenye kijitabu chake. Kuna mwanamke wa kampuni, Joyce, anayekaa kwenye boti yake, na ukimwomba akueleze dunia ilivyo atakueleza kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Ni mhadhara, sikatai, na ni mrefu. Unasameheka kwa sababu umeuomba mwenyewe, ukijua unavyoonekana.

Zaidi ya hapo gemu hii ina ujuzi 24 na kila ujuzi ni sauti kichwani mwako. Mmoja wao ni Encyclopedia. Ukiwekea pointi nyingi, utakuropokea habari kila kona: aina ya injini, jina la mfalme aliyekufa, historia ya redio. Nyingine zitakusaidia kwenye uchunguzi, nyingi hazina kazi. Ukiunyima pointi, unaishi mjinga na kesi inaendelea. Yaani kiasi cha maelezo unachopata umekichagua wakati unaunda mhusika, na mtu asiyependa maelezo hakulazimishwa. Sijui kwa nini watengenezaji wengine hawajaiba wazo hili.

Mtu wa Mtwara ana faida hapa. Martinaise, mtaa hadithi inapotokea, ni mtaa wa bandari. Wapakuaji mizigo wamegoma, chama chao kina bosi mjanja, kampuni ya nje imeleta watu wake, na juu ya hayo yote lipo swali la nani anufaike na kinachopita pale. Mwaka 2013 sisi tulikuwa na mvutano wetu kuhusu gesi na bomba la kwenda Dar es Salaam. Aliyekuwa hapa wakati ule, awe alisimama upande wowote, hatahitaji Joyce amweleze kwa nini watu wa Martinaise hawamwamini mgeni mwenye suti.

Nitoke nje ya nne zangu kidogo. Pillars of Eternity (2015), ya hao hao Obsidian, ilijengwa kwa michango ya mashabiki, karibu dola milioni 4 kwenye tovuti ya michango ya Kickstarter peke yake. Baadhi ya waliochangia zaidi waliruhusiwa kuweka wahusika wao. Ukipita mjini unawaona, majina yao yana rangi ya dhahabu, na ukimgusa mmoja unasoma aya mbili tatu za roho yake na maisha yake ya zamani, ambazo hazihusiani na chochote. Mchezaji mpya hajui hilo. Anasoma kila mmoja kwa bidii, anajaribu kuunganisha, na ndani ya saa tano amechoka. Ni gemu nzuri kwa mengine, ila kwa anayeanza nisingeipendekeza kwa sababu hiyo peke yake.

Morrowind inavyokuuzia habari

Nirudi Morrowind, maana hapa nina ya kusema zaidi.

Mpwa wangu wa Newala alinunua laptop baada ya mauzo ya korosho, nikamwekea Morrowind. Jioni ya kwanza akanipigia: "Njomba, mshale uko wapi?" Hakuna mshale. Hakuna alama inayong'aa juu ya kichwa cha mtu wala mstari wa kufuata kwenye ramani. Mtu anakwambia njia kwa mdomo, maneno yake yanaandikwa kwenye daftari lako, na kutoka hapo ni wewe na miguu yako.

Kifurushi unakipeleka kwa Caius Cosades, mzee kifua wazi kwenye chumba kidogo Balmora, anayeonekana kama mlevi wa kawaida. Kumbe ni mkuu wa majasusi wa dola. Anakupa kazi ya kwanza, na kazi yenyewe ni kwenda kuuliza. Anataka habari za dhehebu la siri linalongoja shujaa arudi, na mwenye habari ni msomi aitwaye Hasphat Antabolis. Hasphat hatoi bure. Anataka kisanduku cha watu wa kale waliotoweka, na kiko kwenye magofu ya Arkngthand. Anakuelekeza: toka mjini, pita ngome, vuka daraja la kale lililo juu ya bonde lililochimbwa na moto wa mlima, na mlango utafunguka ukizungusha kishikio kilicho kwenye bomba. Unakwenda, unapigwa, unapotea, unaona daraja, unazungusha kishikio na jiwe linafunguka. Ukirudi na kisanduku ndipo Hasphat anakupa karatasi. Kisha unatumwa kwa mganga wa kichawi anayetaka fuvu kutoka kaburini, kisha kwa watu watatu kwenye mji mkubwa wa Vivec, kila mmoja na bei yake.

Tazama kilichofanyika. Mhadhara ambao gemu nyingine ingekupa kwa filamu ya dakika tano, hapa umeutolea jasho. Ukishika zile karatasi utazisoma, kwa sababu zimekugharimu. Na ukizisoma utagundua kuwa hazikubaliani. Hekalu linasema shujaa Nerevar alikufa kwa majeraha ya vita. Watu wa nyikani wanasema aliuawa na washauri wake mwenyewe, ambao sasa wanaabudiwa kama miungu. Gemu inafika mwisho na hakuna hakimu anayesimama kukuambia nani mkweli.

Sisi wa kusini tuna kisa cha aina hii jirani tu, Kilwa Kisiwani. Tunaambiwa Ali bin Hassan alitoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, kisha akauchimba mkondo ili aliyemuuzia asiweze kurudi kwa miguu maji yakipwa. Habari za mwanzo wa utawala ule zimetufikia kwa Kiarabu, zimetufikia pia kwa Kireno cha karne ya 16, na hazilingani. Wachimbaji wa mambo ya kale wana lao, kwamba watu walishakuwa wanaishi pale kabla ya wafalme hao. Ukienda na mtembeza wageni atakupa ya nne. Mahali pakiwa na uzito wa kweli, kila anayesimulia ana lake la kulinda, na Morrowind ndiyo gemu ninayoijua iliyolielewa hilo mapema na kulijenga ndani ya hadithi yenyewe.

Kuna na maelezo yasiyo na neno hata moja. Ukitoka Seyda Neen kwa miguu kuelekea kaskazini, utasikia mtu anapiga kelele juu. Mchawi anaanguka kutoka angani na kufa mbele yako. Ukimpekua unamkuta na hati tatu za uchawi pamoja na daftari lake, ambamo anajisifu kuwa amegundua namna ya kuruka. Ukijaribu hati mojawapo, utaruka kweli, utavuka nusu ya kisiwa, halafu utatambua kuwa hujapanga jinsi ya kushuka. Somo la uchawi wa nchi ile limekwisha, na hakuna aliyefungua mdomo kulifundisha.

Ubaya wake nao niuseme. Upanga wako mwanzoni utapita mwilini mwa adui bila kumgusa, kwa sababu ndani yake kuna dadu zinazochezeshwa kila pigo, na ukiwa umechoka kwa kukimbia dadu zinakukataa. Tembea, usikimbie, unapokaribia adui, na tumia silaha uliyoichagua kwenye ujuzi wako. Ndege wabaya wa milimani watakufuata mpaka uwachukie. Tena toleo linalouzwa siku hizi limeunganishwa na nyongeza zake mbili, na moja kati ya hizo inatuma muuaji wa kukushambulia usingizini wakati bado hujui lolote. Unazinduka, unapambana, halafu unaanza kutafuta maana ya shambulio ambalo halihusu hadithi uliyomo. Mpwa wangu alipoteza siku mbili kwa hilo. Muuaji akija, mshinde, chukua silaha zake na umsahau.

Kiingereza chenyewe

Jambo hili waandishi wa Ulaya na Marekani hawaligusi, na kwetu linaamua nusu ya uchaguzi. Hakuna hata moja kati ya hizi yenye Kiswahili. Maelezo yote yanakuja kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kubuniwa juu ya Kiingereza.

Planescape hutajwa kuwa na maneno kama 800,000, na watu wa Sigil wana lugha yao ya mtaani ambayo hata Mwingereza anaibahatisha. Ukikwama usidhani tatizo ni lako. Disco Elysium inapita maneno milioni 1, sentensi zake ni za kifasihi, zinazunguka, zinatania, zinanukuu wanafalsafa wasiokuwepo. Inao msaada mmoja mkubwa: toleo la The Final Cut la 2021 lina sauti za waigizaji kwa karibu maandishi yote, na kusikia sentensi huku unaisoma kunasaidia kuliko unavyodhani.

Morrowind inashangaza kwa wepesi. Mazungumzo yake ni mada: unabonyeza neno, unapata aya fupi iliyonyooka, kama kitabu cha shule. Ubaya ni kwamba watu ishirini wanakupa aya ileile, na nchi inaonekana ya maroboti. Uzuri ni kwamba daftari linakutunzia kila kitu, na unaweza kukaa na kamusi bila mtu kukuharakisha. Vitabu vimejaa kila rafu, vingine vya kitoto, vingine vya fumbo hadi wataalamu wake bado wanabishana. Huvihitaji ili uendelee.

Tyranny ndiyo iliyomfikiria msomaji. Kila jina geni kwenye mazungumzo lina rangi, na ukiweka kishale juu yake linafunguka dirisha dogo lenye maelezo ya mistari michache, papo hapo, bila kutoka kwenye mazungumzo. Kwa vile mhusika wako ni mwenyeji anayejua mambo yote hayo, haina haja ya kumfanya aulize maswali ya kipumbavu. Yeye anajua, na wewe unachungulia ujuzi wake. Kwa mtu mwenye Kiingereza cha kidato cha nne hakuna iliyo rahisi kuliko hii.

Ila nilisema tatizo lake linakuja baadaye. Wepesi huo umewafanya waandishi waringe. Kwa kuwa kila jina lina dirisha, wanatupa majina manane kwenye aya moja: wakuu, majeshi, koo, amri, minara. Unasoma madirisha kuliko mazungumzo, na baada ya saa kumi unagundua kuwa umejua mengi lakini machache yamekukaa. Kisha hadithi inakatika ghafla, pale ambapo ungetarajia sehemu kubwa ndiyo inaanza.

Mashine na bando

Hapa ni kwa haraka. Morrowind haifiki GB 2 na inatembea kwenye kompyuta ambayo wengine wameshaitupa. Ukiwa na Linux, kuna injini ya bure ya OpenMW, ingawa mafaili ya gemu lazima uwe umeyanunua. Planescape tafuta toleo lililoboreshwa la 2017, nalo ni jepesi. Tyranny inataka kama GB 15 na Disco kama GB 20, na zote mbili zitakoroma kwenye laptop isiyo na kadi ya grafiki, ingawa kwa kuwa hakuna haja ya wepesi wa mkono unaweza kupunguza picha ukavumilia. Zote nne zipo GOG, duka la gemu la mtandaoni, ambako unashusha faili la kusakinishia na kulihifadhi. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri Shangani anaweza kushusha gemu yako mara moja ukaibeba kwenye flashi hadi Nachingwea. Umeme ukikatika, Morrowind na Tyranny zinakuruhusu kusevu karibu popote. Jizoeze.

Uchukue ipi

Ukiwa mtu wa kubishana siasa barazani na Kiingereza hakikusumbui, chukua Disco Elysium na usisubiri. Kwa maandishi hakuna inayoifikia kati ya hizi, na kwa kuwa haina mapigano ya kawaida hakuna kitakachokukwamisha isipokuwa subira yako. Ukiwa na wikendi mbili tu na unataka kuona kama gemu za aina hii zinakufaa, Tyranny itakutosha, na ukiirudia kwa majibu mengine kwenye ile ramani ya vita utakuta nchi nyingine.

Planescape nisingempa anayeanza. Mapigano yake ni mabovu, hakuna mpenzi wake anayebisha, na lugha ni nzito. Ichukue ya pili au ya tatu, ukiunda mhusika weka pointi kwenye hekima, akili na mvuto, mikono yenye nguvu waachie wenzako.

Kwa wengine wote nasema Morrowind, hasa kwa mtu wa laptop dhaifu na bando la kuhesabu. Jipe muda hadi urudi Balmora na kile kisanduku cha Arkngthand. Kama njia ya kwenda na kurudi ilikuchosha tu, bila hamu ya kujua waliojenga lile daraja ni akina nani na walikwenda wapi, ifute na uweke Tyranny. Kama hamu ipo, nunua daftari la karatasi pia. Lile la ndani ya gemu halipangiki vizuri, na yapo majina ya makaburi utakayotaka kuyaandika mwenyewe pamoja na njia ya kufikia.